Programu hupita mikono mingapi kabla ya kufika kwenye simu yako?

Wasikilizaji wetu wa Malampaka na vijiji vya jirani wilayani Maswa hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Faili la programu limetumwa kwenye kundi la WhatsApp. Jina ni lilelile, picha ni ileile ya programu inayopatikana kwenye duka la simu. Aliyelituma ni mtu anayefahamika, naye alilipata kwa mwingine. Je, lina tofauti gani na lile la dukani?

Jibu fupi ni hili: jina na picha havikuambii programu ilitengenezwa wapi na ilifungwa na nani. Jibu refu ndilo tunalolieleza hapa, kwa sababu siku hizi simu ndiyo pochi. Malipo ya pamba yanapita humo, mchango wa kikoba unapita humo, ada ya mtoto inapita humo. Anayejua jinsi programu inavyotengenezwa hadanganyiki kirahisi.

Programu huanza kama maandishi

Programu yoyote, iwe ya kutuma pesa au ya kupiga picha, huanza kama maandishi. Mtaalamu huandika maelekezo mstari kwa mstari kwa lugha ya kompyuta. Maandishi hayo huitwa msimbo. Mwingine anayeijua lugha hiyo anaweza kuusoma msimbo na kusema: hapa programu inauliza jina, hapa inasoma meseji, hapa inatuma taarifa kwenye seva.

Lakini simu yako haifanyi kazi kwa kuusoma msimbo ulivyoandikwa. Kwanza lazima ubadilishwe uwe katika hali ambayo mashine inaielewa, uunganishwe na vipande vilivyoandikwa na watu wengine, kisha vyote vifungwe pamoja katika pakiti moja. Kubadilisha na kuunganisha huko huitwa kujenga. Kufunga huitwa kufungasha.

Mkulima wa pamba wa Simiyu anaujua mwendo huu. Pamba mbegu unayoipeleka AMCOS siyo robota linalouzwa nje ya nchi. Kati yake kuna mizani, ghala, gari, kiwanda cha kuchambua nyuzi na mbegu, na mashine ya kufunga. Robota likishafungwa, mnunuzi hulisoma kwa alama zilizo nje. Kama njiani kuna aliyetia maji au mchanga ili uzito uongezeke, mkulima aliyevuna pamba safi atalaumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Programu nayo inaweza kuharibiwa hivyohivyo. Mwandishi anaweza kuwa mwaminifu na msimbo wake ukawa safi, lakini uchafu ukaingia wakati wa kujenga au kufungasha. Pakiti ikishafungwa, wewe na sisi hatuoni kilichomo.

Wafungashaji wa Linux na kazi yao

Ndani kabisa ya simu za Android kuna kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Linux hiyohiyo inaendesha seva nyingi duniani, zile kompyuta zinazohifadhi taarifa na kupitisha mawasiliano yetu.

Kwenye kompyuta, Linux huwafikia watu kupitia mikusanyo ya programu. Debian ni mmojawapo wa mikusanyo ya zamani. Ilianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Ubuntu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, imejengwa juu ya kazi ya Debian. Ndani ya Debian kuna makumi ya maelfu ya pakiti. Wafungashaji wake, ambao wengi ni watu wa kujitolea, hawakuziandika programu hizo zote. Wao huchukua msimbo kwa waandishi walio sehemu mbalimbali za dunia, huujenga, huufungasha, kisha huweka pakiti ghalani ambapo kila mtumiaji anaweza kuzichukua.

Ugumu wao ni kwamba kila mwandishi ana chombo chake cha kujengea. Wapo wanaotumia Make, chombo kilichotengenezwa mwaka 1976. Wapo wanaotumia CMake. Wapo wanaotumia Meson, kilichoanzishwa na Jussi Pakkanen, naye pia wa Finland, na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Vyombo hivi huitwa mifumo ya kujenga, na kila mmoja una amri zake.

Ili kazi isitegemee kumbukumbu ya mtu, kila pakiti ya Debian ina karatasi yake ya maelekezo, yaani skripti. Inakaa kwenye faili liitwalo debian/rules, nayo huiambia kompyuta: anza hapa, fanya hivi, maliza hivi. Zamani mfungashaji aliandika kila hatua kwa mkono. Watu mia wakiandika hatua zilezile kwa namna mia, makosa hayakosekani, na mkaguzi anachoka kusoma.

Dawa yake ilikuwa chombo kiitwacho debhelper. Chombo hiki huangalia msimbo ulioletwa. Kikikuta faili linaloitwa meson.build, kinatambua kuwa hapa Meson ndiyo inayotumika. Kikikuta CMakeLists.txt, kinatambua kuwa ni CMake. Kisha kinapitia hatua nne zilezile kwa kila programu: kuandaa, kujenga, kujaribu, na kupanga mafaili mahali pake. Kwa sababu hiyo, skripti ya pakiti nyingi leo inaweza kuwa na mistari mitatu tu.

Mfumo mpya wa kujenga unapoingia, wataalamu hulazimika kuuunganisha na skripti hizo. Maana yake ni kukifundisha chombo cha pamoja jinsi hatua zile nne zinavyofanyika katika mfumo huo mpya. Wakishafanya hivyo mara moja, wafungashaji wengine wote wananufaika. Mwaka 2017, kwa mfano, systemd, programu ambayo huwasha na kusimamia huduma nyingine katika mikusanyo mingi ya Linux, ilihamia Meson. Mikusanyo yote inayoitumia ililazimika kubadili maelekezo yake ya kuijenga.

Tena kuunganisha siyo kubadili majina ya amri tu. Mkusanyo una masharti yake, na mfumo wowote wa kujenga lazima uyafuate. Mafaili yawekwe mahali panapojulikana, siyo kila programu ijichagulie. Vinga vya usalama viwashwe wakati wa kujenga. Majaribio yakishindwa, kazi isimame. Sharti jingine zito la Debian ni kwamba wakati wa kujenga, kazi isitegemee kuchota kitu chochote kutoka intaneti. Kila kinachohitajika kiwe kimeshaletwa na kuonekana. Ni kama kusema: gari lililobeba pamba lisisimame njiani kuongezewa mzigo ambao haukupita kwenye mizani.

Kiswahili nacho hupita njia hiyo

Mtu anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya mbali. Lakini lugha yetu imepita njia hiyohiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mtu aliweza kuandika barua kwenye kompyuta huku vitufe na maelezo vikiwa kwa lugha anayoizungumza.

Tafsiri ya namna hiyo haifiki kwa mtumiaji kwa kutafsiriwa tu. Kwa kawaida maneno yaliyotafsiriwa hukaa kwenye mafaili ya maandishi. Mfumo wa kujenga lazima uambiwe uyachukue na kuyageuza, na skripti ya kufungasha lazima iyaweke pale programu inapoyatafuta. Hatua moja ikisahaulika, programu inaweza kufunguka kwa Kiingereza bila kulalamika, na kazi ya watafsiri ikabaki imelala ndani ya faili. Tena toleo jipya la programu linapotoka, kazi yote ya kujenga inarudiwa. Ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa vizuri yana thamani kuliko fundi mmoja hodari anayekumbuka kila kitu kichwani. Fundi akihama, maelekezo yanabaki.

Machi 2024: mchanga uliotiwa kiwandani

Tarehe 29 Machi 2024, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Andres Freund aliutangazia ulimwengu jambo lililowashtua wengi. Alikuwa akifanya majaribio yake kwenye Debian akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya mbali kunachukua muda mrefu kuliko kawaida. Ucheleweshaji ulikuwa wa takriban nusu sekunde. Wengi wetu tusingeujali. Yeye aliufuatilia.

Alichokikuta kilikuwa ndani ya programu ndogo iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Karibu kila mkusanyo wa Linux unaitumia. Kwa miaka mingi ilitunzwa zaidi na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Kisha akajitokeza mtu mwingine mtandaoni kwa jina la Jia Tan. Alisaidia kazi kwa zaidi ya miaka 2, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya.

Matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yaliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2024, yalikuwa na mlango wa uani. Aliyekuwa na ufunguo wake wa siri angeweza kuingia kwenye seva yenye programu hiyo na kuiamuru atakavyo.

Sasa angalia mlango huo ulifichwa wapi. Mtu aliyesoma msimbo wa kawaida wa xz asingeuona. Sehemu yake ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, yale yanayotumika kupima kama programu inafanya kazi, ambayo hakuna anayeyasoma kama maandishi. Na amri ya kuitoa humo na kuiingiza kwenye programu iliwekwa kwenye maelekezo ya kujenga. Amri hiyo haikuwepo hata kwenye ghala la wazi la msimbo ambalo kila mtu huliangalia. Ilikuwepo tu kwenye furushi la toleo, lile lililofungwa tayari kwa ajili ya wafungashaji.

Zaidi ya hapo, maelekezo hayo yalichunguza kwanza yanajengwa wapi. Yalitazama kama kuna faili la debian/rules, au dalili kwamba kazi inafanyika kwa mikusanyo ya upande wa Fedora. Kama hakuna, yalitulia kimya. Mtaalamu aliyeijenga xz nyumbani kwake kwa kuichunguza tu angepata programu safi. Ni wafungashaji, wale ambao pakiti zao huaminiwa na mamilioni ya watu, waliolengwa.

Kwa bahati njema mlango uligunduliwa mapema. Ulikuwa umeshafika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian, Fedora na mikusanyo mingine kadhaa, lakini haukuwa umefika kwenye toleo thabiti la Debian ambalo seva nyingi hutumia. Pakiti ziliondolewa na za zamani zikarudishwa.

Kujenga mara mbili na kulinganisha

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wataalamu wa Debian na wenzao wamekuwa wakifanyia kazi wazo moja rahisi kulieleza. Watu wawili wasiojuana wakichukua msimbo uleule na maelekezo yaleyale, kila mmoja kwenye mashine yake, wapate pakiti zinazofanana kabisa, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, kuna kitu kimeingia njiani. Ni sawa na kupima gunia la mpunga kwenye mizani mbili za watu wawili.

Kisa cha xz kimeonyesha pia mpaka wa wazo hilo. Kama uchafu umo kwenye maelekezo yenyewe, watu wawili watajenga kitu kibaya kinachofanana. Kwa hiyo kulinganisha pakiti peke yake hakutoshi. Ni lazima pia kulinganisha furushi la toleo na msimbo ulio wazi, na kuyasoma maelekezo ya kujenga kwa makini uleule unaosomea programu yenyewe.

Na simu yako je?

Programu ya Android nayo ni pakiti. Faili lake huishia na herufi APK, na ndilo hilo linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwa Bluetooth.

Kila APK hutiwa saini ya kielektroniki. Saini hii ni kama lakiri: faili likifunguliwa na kubadilishwa, lakiri imevunjika, na aliyebadilisha lazima atie yake mwenyewe. Ndiyo maana simu yako hukataa kuweka toleo jipya juu ya la zamani kama saini zimetofautiana. Lakini kama programu halisi haipo kwenye simu, simu haina cha kulinganisha nacho. Itapokea ile ya bandia kama mgeni yeyote. Tena saini huthibitisha kwamba aliyetia ni yuleyule. Haithibitishi kwamba ni mtu mwema.

Ukifungua APK iliyotoka WhatsApp, simu hukuuliza kama unaruhusu programu zisizojulikana zisakinishwe. Swali hilo siyo urasimu. Simu inakuambia kwamba pakiti hii haikupita kwenye ghala linalofahamika.

Duka la Google Play ni ghala la namna hiyo, ingawa halioneshi kazi yake kwa uwazi kama Debian. Lipo pia ghala liitwalo F-Droid, lililoanza mwaka 2010, ambalo huchukua msimbo ulio wazi na kuujenga lenyewe kwa maelekezo ambayo kila mtu anaweza kuyasoma.

Hata hivyo ghala halichukui nafasi ya macho yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Malalamiko ya wananchi kuhusu wakopeshaji wa aina hiyo yanajulikana: programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, kisha mkopaji akichelewa, ndugu, jirani na hata mwalimu wa mtoto wanatumiwa meseji za kumdhalilisha. Hapo hakuna aliyevunja lakiri. Pakiti ilijengwa hivyo tangu mwanzo.

Mambo ya kufanya

Usiweke programu ya fedha, mkopo au ruzuku kutoka kwenye faili la WhatsApp, hata kama aliyelituma ni ndugu yako. Yeye anaweza kuwa mwaminifu na faili likawa chafu, kwa sababu naye hakulijenga. Nenda kwenye duka la simu, tafuta jina, na uangalie nani ameandikwa kuwa mtoaji.

Kwa programu ya mkopo, uliza kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Kabla ya kubonyeza neno la kukubali, soma ruhusa inayoombwa. Programu ya tochi haina kazi na meseji zako. Programu ya bei za mazao haina kazi na majina ya ndugu zako.

Kama ulikwisha kuweka faili la namna hiyo, zima data, iondoe programu, kisha badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya pesa. Kama kuna fedha imetoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa namba unayoijua, siyo namba iliyokuja kwenye meseji. Meseji ya utapeli itume kwenda 15040 na ufuate maelekezo utakayopewa. Ukitaka kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106#.

Wazee wetu wasiotumia simu kubwa nao waelezwe, kwa sababu mara nyingi ni kijana wa nyumbani anayewawekea programu. Kijana huyo ndiye mfungashaji wa familia. Akiulizwa "hii umeitoa wapi?", awe na jibu.